Mpemba asiyekula samaki: mwongozo kamili wa kujifunza kula vya baharini ukiwa hupendi

Mie Mpemba wa Wete na mpaka nafika miaka 29 nilikuwa sili samaki, si pweza, si kamba, si dagaa, hakuna. Mtu akisikia anacheka kwanza halafu anauliza "sasa ulikuwa unakula nini?" Nilikuwa nakula maharage, kuku, mayai, na nyama siku ikipatikana, kwetu baba ni mtu wa karafuu sio wa bahari na mama alishachoka kunigombeza toka nipo darasa la pili. Matatizo yalianza nilipooa Tumbe.

Kama hupajui Tumbe, ni kaskazini ya Pemba, pana soko la samaki na karibu kila nyumba ina mtu wake baharini. Siku ya kwanza nakwenda ukweni, tukakaa wanaume kwenye sinia, mie, mzee na mashemeji wawili, wali wa nazi na juu yake kolekole mzima, kichwa kimenielekea mie. Nikawa nakula wali wa pembeni. Shemeji anasukuma mnofu upande wangu, mie nauzika chini ya wali taratibu, nikadhani hakuna anayeona. Mzee kanyamaza mpaka mwisho, wakati ananawa ndo akaniuliza kwa upole tu, "Mwanangu, huyu samaki kakukosea nini?"

Nikakosa jawabu. Na kiukweli lile swali ndo lililonianzisha, maana sikuwahi kujiuliza. Ilinichukua kama miezi minane mpaka nikala mwenyewe bila kulazimishwa, na haya hapa ndo niliyofanya, pamoja na niliyokosea.

Kwanza kabla ya yote: hupendi au unadhurika?

Hivi vitu viwili tofauti. Ukila kamba au samaki mdomo ukawasha, ukatoka vipele, midomo ikavimba, pumzi ikabana, hiyo ni aleji, wende hospitali wala usifuate mwongozo huu wala usimsikilize shangazi anayesema utazoea. Aleji haizoeleki kwa kujaribu jaribu. Na jua kwamba aleji ya kamba na kaa ni nyengine na ya samaki ni nyengine, mtu anaweza akawa na moja tu, ndo maana apime.

Hatua ya kwanza: jibu swali la mzee

Mtu anayesema "sipendi samaki" mara nyingi hachukii samaki, anachukia kitu kimoja kwenye samaki. Kaa chini ufikirie ni kipi. Harufu? Miba? Ulaini ule wa nyama, au kwa pweza ule utafunaji wake? Kuona jicho na meno? Au kuna siku ilitokea jambo ukaapa?

Mie nilipochimba nikakuta ni vitu viwili. Nikiwa mdogo nilikwamwa na mwiba, nikapewa tonge kubwa la wali nimeze, nikapewa jengine, nikatapika mbele za watu. Na cha pili ni ng'onda, jirani alikuwa anaanika papa na pweza juu ya paa la bati, upepo ukigeuka harufu inajaa nyumba nzima na sisi ndani. Basi, miba na harufu. Samaki masikini mengine yote hakunikosea.

Faida ya kujua ni kwamba unachagua pa kuanzia. Wa miba aanze na nguru, jodari au kolekole mkubwa, hao mnofu ni mwingi na mwiba unaonekana. Wa harufu aanze na samaki mweupe wa leo leo, changu, chewa, tasi, na akae mbali na vibua na dagaa kwa sasa. Anayeogopa jicho anunue wa vipande. Anayechukia ulaini aanze na wa kukaanga akauke, au kamba. Usianze na anachokipenda mkeo au mumeo, huyo yupo chuo kikuu na wewe upo chekechea.

Hatua ya pili: kununua, hapa ndo pana kazi

Nakwambia nusu ya watu wasiopenda samaki hawajawahi kula samaki mbichi wa kweli, wamekula wa juzi. Samaki aliyetoka baharini sasa hivi hanuki shombo, ananuka bahari tu, kama chumvi na mwani. Ile harufu inakuja baadae, kwenye nyama ya samaki wa bahari kuna kitu ambacho akishakufa bakteria wanakivunja, inatoka kemikali inaitwa trimethilamini, na hiyo ndo shombo yenyewe. Joto letu hili linaiharakisha. Kwa hiyo mwenye pua kali kama yangu dawa yake ya kwanza sio viungo, ni saa.

Nenda wanapoteremshia. Unguja ni Malindi au Mkokotoni, Pemba ni Tumbe au diko lolote la karibu na kwenu. Uliza wavuvi wanarudi saa ngapi, inategemea maji na aina ya uvuvi, sio lazima iwe alfajiri. Samaki wa dema (ule mtego wa kusuka) na wa mshipi mara nyingi wanafika wazima kuliko waliolala kwenye wavu usiku kucha. Ukitaka wawili watatu tu usijitie kwenye mnada na wachuuzi, watakupandishia, subiri wakishagawa mafungu.

Usiulize "huyu wa leo?" kwa sababu wote ni wa leo, sijawahi kusikia muuzaji aliyesema wa jana. Angalia. Jicho liwe limejaa na linang'aa, sio limezama na ukungu. Fungua mashavu uone matamvua, yawe mekundu ya damu, yakiwa ya kahawia au yana utelezi wa kijivu ondoka. Bonyeza mwili kwa kidole, shimo lirudi. Magamba yawe yameshika. Halafu nusa, pale pale kwenye mashavu, wala usione haya. Mwambie akuparie magamba na akutolee matumbo hapo hapo, maana matumbo ndo yanaanza kuoza, na wende na ndoo yenye barafu hata kama nyumbani ni dakika ishirini.

Hapa nitoe kisa. Mwezi wa pili wa majaribio yangu nimepata moyo, nikanunua jodari mchana saa nane kwa mchuuzi wa njiani, bei poa, jua linamuwakia. Nikamkaanga vizuri. Nusu saa baadae uso mwekundu, kichwa kinagonga, ulimi unawasha kama nimekula pilipili. Nikasema bas, nina aleji, nimepata udhuru wa maisha! Daktari akaniharibia, akaniuliza samaki gani na alikaa wapi, akanambia jodari, nguru, vibua na jamaa zao wakikaa kwenye joto wanatengeneza histamini kwenye nyama, na ikishatengenezwa kukaanga hakuiondoi, kuganda kwenye friza hakuiondoi, viungo haviiondoi. Kwa hiyo hao hasa usiwanunue kwa huruma ya bei. Ukimtia mdomoni ukahisi kama pilipili na hukutia pilipili, tema.

Jambo jengine ni msimu. Kusi ikivuma, kuanzia mwezi wa nne mpaka wa tisa hivi, bahari ya nje inachafuka, samaki wanapungua na bei inapanda, kaskazi mambo yanakuwa mazuri zaidi. Dagaa wanavuliwa kwa taa kwenye giza, mwezi ukiwa mpevu boti zinapumzika, basi ukiona dagaa "wabichi" siku ya mbalamwezi jiulize. Na pweza wa miambani wengi wanapatikana bamvua, maji yakitoka sana.

Hatua ya tatu: katlesi

Usicheke. Katlesi ndo zilizonivusha. Mbatata nusu kilo, jodari au nguru robo kilo. Samaki mchemshe na ndimu, chumvi na thomu (kitunguu saumu) kama dakika kumi, mchambue kwa vidole vyako mwenyewe (hii muhimu kwa mwenye hofu ya miba, ukimchambua mwenyewe unajua kuwa hamna), ule mnofu mweusi wa katikati wa jodari mpe paka kwa sasa, ndo wenye ladha kali. Ponda mbatata, tia kitunguu maji, kotmiri, pilipili mbichi, bizari kidogo, ndimu, changanya na samaki, finyanga, chovya kwenye yai, kaanga. Mara ya kwanza mie nilitia samaki vijiko viwili tu kwenye mbatata zote zile, mke wangu akasema hizi ni katlesi za mbatata zilizopita karibu na samaki. Sawa. Wiki ya pili nikaongeza, wiki ya tatu nikafika robo kilo kamili.

Katlesi uzile zikishapoa kidogo, chakula cha moto kinatoa harufu zaidi kuliko cha vuguvugu. Na ndimu usiionee haya, kule kuminya ndimu sio mapambo, ukali wake unaishika ile kemikali ya shombo isipande puani. Ukwaju, embe mbichi na siki ni kazi ile ile. Bibi zetu hawakusoma kemia ila angalia mapishi yetu ya samaki, ni machache sana yasiyokuwa na kitu kichachu.

Hatua ya nne: wiki za mchuzi, bila samaki

Hii nilibuni mwenyewe nikaona inafanya kazi. Wiki mbili nyumbani nikawa natia mchuzi wa samaki kwenye wali, samaki wenyewe siwagusi. Ulimi unazoea ladha na meno hayana cha kuogopa. Anza na mchuzi wa nazi, tui linapoza kila kitu. Kaanga kitunguu, thomu, tungule (nyanya) na bizari, tia tui la pili lile jepesi na ukwaju, tia samaki aliyekaangwa nusu, tui zito mwisho kabisa, moto mdogo na ukoroge taratibu lisikatike. Chukuchuku iache mwisho, ile maji, ndimu, chumvi na pilipili haina pa kujificha, samaki akiwa mzuri ni tamu mno na akiwa mbaya utajua mara moja.

Hatua ya tano: matonge matatu

Sasa mnofu wenyewe. Nguru wa vipande, unene wa kidole. Mpake ndimu na chumvi dakika kumi, mwaga yale maji, kisha thomu, tangawizi, pilipili manga na bizari, akae nusu saa sio zaidi, watu wengine wanamlaza na ndimu usiku mzima halafu wanashangaa nyama imekuwa kama unga. Mfute maji. Mafuta yawe moto kweli, mtie, muache, usimgeuze geuze, subiri ukingo ubadilike rangi. Dakika nne hivi kila upande.

Sheria yangu ilikuwa matonge matatu yenye samaki, nikiwa na njaa, kisha naacha hata kama ni tamu. Mara mbili kwa wiki. Watoto wanaokataa chakula huwa wanahitaji kuonjeshwa mara kumi hata zaidi ndo wakikubali, na mie sikuona kwa nini mtu mzima awe hodari kuliko mtoto. Kosa kubwa ni kujaza sahani siku ya kwanza ili uonekane umebadilika, unashiba, unakinai, unarudi nyuma mwezi.

Na kula kwa mkono. Uma hauhisi mwiba, kidole kinahisi. Samaki wa mchuzi mfungue kwanza upande mmoja, ondoa mfupa wa katikati, pitisha kidole gumba na cha shahada kwenye mnofu ndo utie kwenye wali. Ukiogopa bado, kaa mbali na mwatiko, yule ana miba myembamba isiyo na hesabu. Mwiba ukikwama usimeze tonge la wali wala ndizi kuusukuma kama nilivyofanyiwa mie, unaweza ukaingia ndani zaidi. Jaribu kukohoa, na ukibaki wende hospitali wakutoe kwa koleo.

Hatua ya sita: pweza na jamaa zake

Pweza nilimuanza Ramadhani, na nakushauri hivyo hivyo. Njaa ya magharibi haichagui, kuna muhogo wa nazi, kuna tende, na bakuli la pweza limekaa hapo linakuangalia.

Uzuri wa pweza ni kwamba hana miba, hana magamba, na akiwa mbichi hana shombo. Shida yake ni kutafuna, na hilo ni kosa la mpishi. Pweza lazima apigwe. Kijijini utawaona kina mama wametoka mwambani na pweza wao wanampiga juu ya jiwe mpaka minyiri ilegee, ukinunua uliza kama ameshapigwa. Kama huna nguvu wala jiwe, mtie kwenye friza siku mbili, barafu inakata nyama kwa ndani na akiyeyuka kalainika. Halafu mtie sufuriani bila maji, funika, moto mdogo, atatoa maji yake mwenyewe ya rangi ya zambarau, muache humo dakika 45 mpaka saa moja, choma na kijiti, kikipita bila kubishana tayari. Baada ya hapo ndo mkate, mtie kwenye nazi.

Anza na sehemu nene ya mnyiri karibu na kichwa, uikate vipande vidogo. Vile vikombe vya chini kama vinakutisha vinatoka kwa kidole akishaiva. Supu ya pweza pia ni njia nzuri, mjini jioni wanauza kwa kikombe, utasikia na maneno ya nguvu za kiume, hayo mie simo, nilifuata pilipili na ndimu.

Ngisi ni dakika mbili au dakika arubaini, hapo katikati ni ndara. Kamba dakika tatu nne, akishageuka wa pinki na kujikunja mtoe, na ile mshipa mweusi wa mgongoni uuvute uutupe. Wengi naona kamba wanampenda haraka kwa sababu ana utamu kidogo kama wa sukari, kama wewe ni wa aina hiyo ruka juu uanzie hapa. Kaa ni tamu ila ni kazi ya asubuhi nzima, mie nashukuru nikipikiwa.

Forodhani, pale wanapouza vyakula usiku Mji Mkongwe, kwa mtu anayejifunza mie sikupeleki. Pazuri, pana upepo, urojo kula, lakini mishikaki mengine imeshaiva zamani imepangwa tu mezani inasubiri kupashwa. Ukienda, chagua kinachochomwa mbichi mbele ya macho yako.

Hatua ya saba: wakongwe

Dagaa, vibua, papa, ng'onda. Hawa sio lazima, nasema wazi. Papa hana mfupa, ni gegedu tu, hivyo kwa mwenye hofu ya miba alitakiwa awe wa kwanza, ila nyama ya papa na taa (yule samaki bapa mwenye mkia mrefu) ina yurea, akikaa inageuka kuwa amonia, ndo ile harufu inayokata pua. Ndo maana anatiwa chumvi, anakaushwa, kisha unamroweka na kumwaga maji mara mbili tatu kabla ya kumpika. Mchuzi wa papa mkavu na embe mbichi leo nakula. Dagaa nakula wakikaangwa wakavu kama bisi. Ng'onda wa pweza nakula. Taa bado, nimejaribu mara sita, zimebaki nne.

Mjamzito papa ampishe pamoja na samaki wengine wakubwa wakubwa kama sansuli, zebaki inajikusanya kwao, dagaa na changu ni salama zaidi.

Na kuna vitu havina hatua, havijifunzwi. Bunju, yule samaki anayejivimbisha, ana sumu, muache. Kasa usile kabisa, mbali na kuwa ni kosa kisheria, nyama yake wakati mwengine ina sumu isiyoondoka kwa kupika na huwezi kuijua kwa macho wala pua. Hapa kwetu Pemba mwezi Machi 2024 kisiwa cha Panza walifariki watoto 8 na mtu mzima mmoja kwa kula kasa, na Novemba 2021 walishafariki watu saba. Mtu akikuletea kama zawadi shukuru na usile, na wala usimpe mwengine.

Idi iliyopita tulikuwa Tumbe tena, sinia lile lile, safari hii chewa. Mzee akavunja kichwa, akatoa ule mnofu wa shavuni, mdogo, mweupe, laini kuliko sehemu yoyote ya samaki, akauweka mbele yangu bila kusema kitu. Nikala. Nikavunja shavu la pili mwenyewe. Jicho bado sili, nampa mtoto wa shemeji ana miaka mitano, na siku hizi akiona sinia linaletwa anakimbilia kukaa upande wangu.